'Meta': Kitenzi cha jadi kilichofunikwa na jina la kampuni

TANGU Oktoba 2021, kampuni inayomiliki mtandao wa Facebook ilipojipa jina Meta, vijana wengi wanapokutana na neno hilo hudhani ni la kigeni. Hali si hivyo. Kiswahili kina kitenzi 'meta' tangu jadi. Jina la kampuni lina asili ya Kigiriki, na kufanana kwa maneno hayo mawili ni sadfa tu.

Kumeta ni kutoa nuru inayochezacheza, ikionekana na kupotea, mithili ya mawimbi yanapopigwa na jua la asubuhi au kisu kipya kinapogeuzwageuzwa mkononi. Ukoo wa neno hili ni mpana: metameta, memetuka na meremeta. Metameta ingali katika insha za wanafunzi, nayo meremeta husikika harusini bibi harusi anaposifiwa. Meta yenyewe na memetuka ndizo zinazosahaulika.

Wengi sasa hutumia 'ng'aa' badala yake, ilhali maana hazilingani. Sakafu iliyopigwa deki hung'aa, kwa kuwa nuru yake imetulia. Nyota humeta, kwa kuwa nuru yake hutetemeka. Aidha, wapo wanafunzi wanaoandika kwamba nyota 'zilimulika' angani. Mulika huhitaji kinachomulikwa: kurunzi humulika njia, mwezi humulika kijiji.

Tahadhari pia yahitajika katika nomino. Kimetameta ni mdudu arukaye usiku akitoa mwanga, aitwaye pia kimulimuli. Kimeta, kwa upande mwingine, ni ugonjwa hatari wa mifugo na wanyamapori unaoweza kumwambukiza binadamu, na ndio uliowaua nyati katika Mbuga ya Kitaifa ya Ziwa Nakuru mnamo 2015. Anayesifu 'kimeta cha macho' ya mpenziwe ajue kuwa mfugaji atasikia jambo jingine kabisa.

Kimaandishi, tofauti ni rahisi: Meta yenye herufi kubwa ni kampuni, nayo meta yenye herufi ndogo ni kitenzi, ila kinapoanza sentensi. Bahari inameta, pete ilimeta, macho yatameta. Kitenzi hiki hakihitaji alama za kunukuu. Mhariri anayekifuta akidhani ni kosa huiachia 'ng'aa' kazi isiyoiweza, na msomaji hupoteza tofauti kati ya nuru iliyotulia na nuru inayocheza.