Dagaa tuwaachie watu, kuku wale funza

Anayefuga kuku wa mayai anajua pesa yake inakoishia. Chakula humeza zaidi ya nusu ya gharama, na kinachouma zaidi si pumba, ni protini: soya, mashudu ya alizeti na dagaa wa Ziwa Victoria. Dagaa huyo ni kitoweo cha watu, na akiadimika wapo wauzaji wanaomwongezea mchanga gunia lipate uzito.

Mbadala wake ni funza wa nzi askari mweusi, ambaye wanasayansi humwita Hermetia illucens. Usimchanganye na nzi wa chooni. Huyu ni mwembamba kama nyigu, na akishakua hali chakula. Huishi siku chache kwa mafuta aliyojiwekea alipokuwa funza, hutaga mamia ya mayai, kisha hufa. Kwa kuwa hana anachotafuta mezani, hakuletei uchafu wa chooni kwenye sahani.

Mlaji ni funza. Wafugaji hubananisha vipande vya mbao juu ya beseni la taka, na jike hutaga kwenye nyufa zake kavu. Mayai huanguliwa baada ya siku kama 4, na kwa wiki 2 hivi funza hushambulia maganda ya ndizi na maembe yaliyooza. Wakikaribia kuwa pupa hugeuka weusi, huacha kula na kupanda ukingoni kutafuta pakavu. Ukiwawekea mteremko unaoishia kwenye ndoo, wanajivuna wenyewe! Wakikaushwa, karibu asilimia 40 ya uzito wao ni protini, yenye laisini, asidi amino ambayo mahindi hayana ya kutosha. Mafuta nayo ni mengi, na huchacha upesi yasipokamuliwa. Kwa hiyo funza huchanganywa na nafaka kwa vipimo, kama dagaa.

Kenya ilitoa viwango vya wadudu waliokaushwa kwa ajili ya chakula cha mifugo mwaka 2017. Umoja wa Ulaya uliruhusu protini ya wadudu kwa kuku na nguruwe mwaka 2021, lakini ukakataza kuwalisha wadudu hao samadi au mabaki ya hotelini. Naona wana hoja, maana funza hubeba alichokula: kadimiamu, metali yenye sumu, ikiwemo kwenye taka hujilimbikiza mwilini mwake. Sumukuvu, ambayo wengi wangeihofia kwanza, majaribio yameonyesha kwamba haijilimbikizi humo.