Bajeti na Deni la Serikali: Yatuhusu Nini Sisi wa Vikundi?



Hivi karibuni tulitembelea kikundi cha akina mama wanaoweka akiba ya kununua tangi la maji. Walikuwa na shilingi 64,000 benki. Kijana mmoja mwenye mkoba alikuwa amewaambia wampe 50,000 awanunulie bondi za serikali, eti pesa zitazaa upesi. Mama mwenyekiti akatuuliza: "Kwani serikali nayo hukopa? Na ikikopa, ya kutulipa inaitoa wapi?" Tumeona tujibu hapa ili vikundi vyote visome.

BAJETI NI NINI?

Ni mpango wa pesa zitakazoingia na zitakazotoka kwa mwaka. Mwaka wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Zinazoingia, nyingi ni ushuru. Tusifikiri ni wenye mishahara tu wanaolipa. Ukinunua sabuni ya shilingi 116, shilingi 16 ni za serikali. Zinazotoka huenda kwa mishahara ya walimu na polisi, dawa, barabara, mgao wa kaunti na kulipa madeni.

Kwa miaka mingi sasa ushuru hautoshi. Pengo linalobaki huzibwa kwa mkopo.

BONDI NI NINI?

Ni hati ya deni. Anayeinunua ameikopesha serikali. Benki Kuu ya Kenya huuza hati hizi kwa niaba ya Wizara ya Fedha. Za muda mfupi ni za siku 91, 182 au 364. Bondi zenyewe ni za miaka miwili na zaidi, nyingine hata 30. Mwenye bondi hupata riba kila miezi sita, na muda ukiisha hurudishiwa pesa zake. Tuseme umeweka 50,000 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka. Utapata 3,000 kila miezi sita, kabla ya kukatwa ushuru. Kwa hivyo anayesema zitazaa upesi anadanganya.

Wanunuzi wakubwa ni mabenki, mifuko ya pensheni na kampuni za bima. Hapo ndipo sisi tunaguswa. Mwezi Februari 2024 serikali iliuza bondi ya miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Sasa, kama serikali inalipa hivyo, benki itamkopesha mfugaji wa kuku kwa ngapi?

DENI LA NJE

Serikali hukopa pia ng'ambo, kwa dola. Mwezi Juni 2014 Kenya ilikopa dola bilioni 2 kwa njia ya bondi. Wakati huo dola moja ilikuwa chini ya shilingi 90. Kufikia Januari 2024 ilikuwa karibu 160. Dola ni ile ile, lakini shilingi za kuilipa zilikuwa karibu mara mbili. Sehemu kubwa ya deni hilo ilitakiwa kulipwa Juni 2024, kwa hivyo Februari serikali ilikopa dola bilioni 1.5 nyingine ili kulipa. Riba ya zamani ilikuwa chini ya asilimia 7, mpya ikawa zaidi ya 9. Sisi wa vikundi tunajua kukopa kwa jirani ili kulipa chama. Kuna wakati inalazimu, lakini deni halijaisha, limehama tu.

Basi mama mwenyekiti, jibu ni hili: serikali hulipa kwa ushuru au kwa mkopo mwingine, na huo mkopo nao utalipwa kwa ushuru. Mnunuzi wa sabuni ndiye mlipaji. Mwezi Juni 2024, Mswada wa Fedha wa kuongeza ushuru uliwatoa vijana barabarani, na wengine wakapoteza maisha. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi.

TUFANYE NINI?

1. Usimpe mtu pesa akununulie bondi. Akaunti hufunguliwa Benki Kuu kwa jina la mwenyewe, na tangu 2023 inawezekana hata kwa simu. Kikundi kiulize masharti huko huko.

2. Usiweke pesa utakazohitaji karibuni. Bondi yaweza kuuzwa mapema katika Soko la Hisa la Nairobi, lakini huenda ukapata chini ya ulichoweka.

3. Tuhudhurie mikutano ya bajeti katika kaunti. Katiba ya 2010 inataka wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha za umma. Tuulize kama tunavyoulizana kwenye kikundi: mkopo huu ni wa nini, na umefanya kazi gani?

Wale akina mama hawakutoa pesa. Walimwambia kijana alete barua ya Benki Kuu, na hajaonekana tena. Wanaendelea na tangi lao.

MASWALI YA KUJADILI

- Wiki hii umenunua nini chenye ushuru?
- Mwanachama akikopa ili alipe mkopo, sisi humwuliza nini?
- Nani kati yetu atahudhuria mkutano wa bajeti ujao na kutuletea habari?