Kitabu cha Washington Huanziwa Nyuma

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia, maduka hujaa vitabu vipya vya siri za Ikulu, na tangazo lake halibadiliki: mwandishi alikuwemo, au alizungumza na waliokuwemo. Lakini kuwa karibu na wakubwa hakutoshi kukifanya kitabu kiaminike. Mara nyingine ukaribu huo ndio unaopaswa kumtia msomaji shaka. Kurasa za kuanza nazo ni zile za mwisho, zenye tanbihi, maana hapo ndipo mwandishi anapoonyesha, au anaposhindwa kuonyesha, habari zake kazitoa wapi.

Bob Woodward, aliyeshirikiana na Carl Bernstein kufichua kashfa ya Watergate iliyomng'oa Richard Nixon mwaka 1974, aliandika Fear mwaka 2018 kuhusu Donald Trump. Kitabu hicho kimejaa mazungumzo ya faragha yaliyoandikwa neno kwa neno, ila ukienda nyuma unaambiwa tu kwamba yametokana na mahojiano na watu wasiotajwa. Hapo msomaji ajiulize: katika kikao hiki, ni nani anayeonekana na busara kuliko wenzake, na ya moyoni mwa nani ndiyo yaliyosimuliwa? Mara nyingi huyo ndiye aliyezungumza na mwandishi. Si lazima awe amedanganya, lakini hakuna anayesimulia ugomvi aliokuwemo akajipa upande mbaya. Mwaka 2020 Woodward alitoa Rage, na safari hii Trump mwenyewe alikubali kurekodiwa. Sauti yake ya Februari mwaka huo, akisema virusi vya korona vinaua kuliko hata mafua makali, ilisikika hadharani. Mwandishi ni yuleyule na rais ni yuleyule, ila ushahidi wa kitabu cha pili kwa jambo hilo hauna mfano katika cha kwanza. (Kwamba alikaa na kanda ile hadi Septemba ni suala jingine, na waliomlaumu walikuwa na haki.)

Sera ya nje ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi, kwa sababu yanayosimuliwa hutendeka mbali na macho ya Wamarekani wenyewe. Larry Devlin aliongoza kituo cha CIA mjini Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1960. Katika kumbukumbu zake zilizotoka 2007 anaeleza jinsi alivyoletewa sumu ya kumuua Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, akaona jambo hilo ni baya, akavuta muda mpaka likapita. Ukisoma kitabu hicho peke yake unamwona mtu mwema aliyebanwa na amri mbaya. Lakini kamati ya Seneti iliyoongozwa na Frank Church ilikuwa imechapisha ripoti yake tangu 1975, ikimficha Devlin kwa jina la kubuni. Humo imo simu ya maandishi ya Oktoba 1960 ambamo ofisa huyohuyo anaomba makao makuu yamtumie bunduki yenye darubini na kizuia sauti. Huenda hakukusudia kuitumia. Hata hivyo, simu iliandikwa siku mambo yakitendeka na kitabu kiliandikwa karibu nusu karne baadaye, na mimi naipa simu uzito zaidi.

Atakayebisha atasema kwamba hata nyaraka za serikali huchujwa. Ni kweli. Majalada rasmi ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kuhusu Kongo yaliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990 yaliacha operesheni za siri, na wizara ililazimika kutoa jalada jingine mwaka 2013, nalo lina sehemu zilizofutwa. Lakini pengo hilo lilijulikana kwa sababu ripoti ya Church ilikuwa tayari mikononi mwa watu, na wanahistoria wakalinganisha. Tanbihi hazimzuii mwandishi kukosea. Zinampa msomaji njia ya kulifuata kosa hadi lilikoanzia. Mwingine atauliza kama basi tungoje miaka hamsini kabla ya kusoma lolote. La hasha, kwani mpigakura hana muda huo. Vitabu vya haraka visomwe, ila kama maelezo ya shahidi wa kwanza, kabla wengine hawajasikilizwa.

Tanbihi zafaa pia kutazamwa kwa yale yasiyokuwemo. Susan Williams katika White Malice ya 2021 na Stuart Reid katika The Lumumba Plot ya 2023 walirudi kwenye kisa hikihiki wakiwa na nyaraka ambazo wasomaji wa 1975 hawakuwa nazo, na wote wawili wanastahili kusomwa. Hata hivyo, simu zilizotumwa Washington ziliandikwa na kuhifadhiwa na Wamarekani. Zinaeleza kwa kina Rais Eisenhower na washauri wake walimwogopa Lumumba kwa lipi, lakini zina machache mno kuhusu alivyoonekana Stanleyville, Kisangani ya leo, kwa wafuasi wake waliompigia kura Mei 1960. Mwandishi ambaye tanbihi zake zote zinaelekea Washington ameandika historia ya Washington, hata kama jalada la kitabu lina ramani ya Kongo.