Ahadi ya Taifa Hupimwa Mlangoni pa Zahanati



Wapendwa wasomaji, katika ukurasa wa afya tumezoea kuzungumza juu ya malaria, chanjo, lishe na usafi wa choo. Safari hii tuzungumze juu ya mkataba. Pengine utauliza, muuguzi na mikataba ya mataifa wapi na wapi? Jibu ni hili: mama mjamzito anayetoka Nanyala kwenda kujifungua, mtoto anayepelekwa kupimwa uzito, na mzee anayehitaji dawa za shinikizo la damu, wote wamo ndani ya ahadi ambayo nchi yetu iliitoa mbele ya mataifa. Asiyeijua ahadi hawezi kuuliza kama imetimizwa.

MKATABA UNASEMAJE?

Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni ulipitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 16 Desemba 1966. Tanzania ilijiunga nao tarehe 11 Juni 1976. Unataja haki ya kazi, chakula, makazi na elimu. Ibara ya 12 inahusu afya: vifo vya watoto wachanga vipungue, magonjwa ya kuambukiza yazuiwe, na kila mtu apate matibabu anapougua.

Mkataba haudai nchi maskini itimize yote kwa siku moja. Unadai isonge mbele hatua kwa hatua, kwa kutumia uwezo wote ilio nao, bila kumbagua mtu. Ni kama baba mwenye watoto wengi na mfuko mdogo. Hatumlaumu kwa kushindwa kununua kila kitu. Tunamlaumu anapopeleka fedha kilabuni huku mtoto amelala na homa.

Nchi zilizojiunga hupeleka taarifa kwa kamati ya wataalamu 18 inayokutana Geneva, Uswisi. Novemba 2012 kamati hiyo ilijadili taarifa ya Tanzania, ambayo ilikusanya taarifa tatu kwa pamoja. Kamati huuliza maswali na kutoa mapendekezo, lakini haina polisi wala gereza.

JE, MAHAKAMA ZETU?

Katiba yetu, ibara ya 11, inataja haki ya mtu kufanya kazi, kujielimisha, na kupata msaada wakati wa uzee, maradhi au ulemavu. Lakini ibara ya 7 inasema kwamba masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Maana yake, mgonjwa hawezi kwenda kwa hakimu na ibara hiyo ya 11 pekee, akadai dawa.

Basi ahadi hii inashikwa na nini? Inashikwa na sheria za Bunge, sera, bajeti, na wananchi wanaouliza. Kimoja kikilegea, ahadi hubaki kwenye karatasi.

TULIPOFIKA

Mwaka 1993 uchangiaji wa gharama ulipoanza katika hospitali za serikali, makundi kadhaa yaliwekewa msamaha. Sera ya Afya ya mwaka 2007 ilisema wajawazito na watoto walio chini ya miaka mitano wahudumiwe bila malipo katika vituo vya serikali. Wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo nao waliingizwa katika msamaha. Mwaka huo huo ulianza mpango wa kuwa na zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata.

Matunda yapo. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya akina mama kwa kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa mwaka 2022 ulikadiria 104. Nyuma ya tofauti hiyo kuna watoto wengi ambao bado wana mama zao.

Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Ni hatua kubwa, kwa sababu sasa ahadi imeingia katika sheria ya nchi.

PANAPOPUNGUA

Sisi tulio wodini tunaona pale ahadi inapokatikia. Mama anaambiwa huduma ya uzazi ni bure, kisha anatakiwa aje na glavu, nyembe, pamba na uzi. Familia inaona haina fedha, inasubiri, na uchungu hausubiri. Mama anafika akiwa amechoka, au damu imeshamtoka nyingi. Mwingine anakaa mbali na barabara kuu ya Tunduma, na usiku hakuna usafiri ila pikipiki.

Mwaka 2001 viongozi wa Afrika waliahidi huko Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti kwa ajili ya afya. Nchi nyingi, pamoja na yetu, zimebaki chini ya kiwango hicho. Kila glavu inayokosekana ina uhusiano na hesabu hiyo.

NAFASI YA KANISA

Mtakatifu Papa Yohane XXIII, katika waraka wake wa mwaka 1963 juu ya amani duniani, alihesabu matibabu kuwa miongoni mwa haki za binadamu. Mwaka 1992 Serikali na Makanisa walitia sahihi makubaliano ya kushirikiana katika huduma za jamii. Kwa hiyo hospitali ya misioni yaweza kuwa na mkataba wa huduma na Halmashauri, ili wenye msamaha watibiwe na Serikali igharimie. Fedha hizo zikichelewa, duka la dawa hubaki na rafu tupu, na anayeumia ni maskini.

FAMILIA IFANYE NINI?

1. Mama mjamzito aanze kliniki mapema, kabla ya wiki 12, na baba amsindikize.

2. Ulizeni kituoni: huduma zipi ni za msamaha, na bima mpya inatakaje? Ulizeni kwa heshima. Muuguzi mnayemkuta si yeye aliyepunguza bajeti.

3. Mkilipa, daini risiti. Mkiombwa fedha bila risiti, toeni taarifa kwa mganga mfawidhi.

4. Zahanati ina kamati yenye wawakilishi wa wananchi. Wajueni. Mkutano mkuu wa kijiji, ambao hukutana kila miezi mitatu, ndio mahali pa kuuliza: fedha za dawa zimefika kiasi gani, na zimetumikaje?

5. Jumuiya ndogo ndogo ziweke akiba ya nauli ya dharura kwa mama anayekaribia kujifungua. Kudai haki hakuondoi wajibu wa kusaidiana.

Ndugu zangu, matibabu ya mama na mtoto si hisani ya kuombewa kwa magoti. Ni deni ambalo taifa limekiri mbele ya mataifa mengine. Nasi tunaolipa kodi kwa kahawa na mahindi yetu tunayo haki ya kuuliza linalipwaje. Mungu awajalie afya njema.