Alama Haitoshi, Mtoto Aandikiwe Neno

Ndugu zangu, watoto wetu wengi hapa Muscat, Dubai na Doha sasa wanajifunza Kiswahili kwa intaneti. Ni jambo la kushukuru, kwa kuwa shuleni wanasoma Kiarabu na Kiingereza, na Kiswahili kimebaki cha bibi nyumbani. Lakini mara nyingi kazi ya mtoto hurudi na alama tu: 7 kwa 10. Alama humwambia kwamba amekosa. Neno la mwalimu humwambia kwa nini, na afanye nini.

Tuseme mtoto ameandika, "Bibi amenipa besa." Kompyuta itamtia kosa, basi. Mwalimu anayetujua ataona kwamba Kiarabu hakina herufi ya p, na kwamba mtoto anaishi na baisa, zile 1,000 kwa riali moja ya Oman. Baisa na pesa ni ndugu, asili yao paisa ya Kihindi. Basi atamwandikia: "Nimefurahi bibi kakupa zawadi. Sisi tunaandika pesa, kwa p ya papa na pweza. Neno lako ni ndugu yake. Ulinunua nini?"

Mwingine ameandika "kitabu yangu". Kwa Kiarabu "yangu" ni kiishio kimoja kwa kila kitu: kitabi, bayti. Mwalimu amweleze kwamba neno kitabu tumelipata kwa Waarabu, ila kwetu limeingia katika ngeli ya ki-vi: kitabu changu, vitabu vyangu. Kisha amwombe mifano mitatu.

Walimu, anzeni kwa kujibu alichosema mtoto, ndipo mrekebishe. Makosa mawili yanatosha kwa mara moja. Karatasi ikijaa wekundu mtoto hukata tamaa. Mwenye wanafunzi 40 awaandikie kumi kila wiki, na kila mmoja atapata neno lake kwa mwezi.

Wazazi, kabla ya kulipa ulizeni: nani anasoma kazi ya mwanangu? Nanyi msomeeni mtoto maneno ya mwalimu, ajibu kwa maandishi. Katika ukarani wangu nilijifunza kwamba faili lisiloandikwa neno halisogei. Na mtoto ni hivyo hivyo. Asipopata wa kumjibu kwa Kiswahili, atakiacha, na siku moja bibi atapiga simu kutoka Unguja wasielewane.