Breki ya Mkono Iliyokataa Kushika

Katika likizo iliyopita baba alitia breki mpya katika pikapu yake kuukuu, Chevrolet ya mwaka 1972. Breki za nyuma zilikuwa za dramu. Fundi akaziondoa akatia za diski, kama zilivyo za mbele. Gari likawa lasimama vizuri mno, nasi sote tukafurahi.

Siku ya tatu tulishuka mlima na magunia ya mahindi hadi kwenye mashine ya kusagia. Baba aliegesha mtelemkoni, akatia breki ya mkono (tunaiita hivyo, ingawa ya gari hili hukanyagwa kwa mguu), gari likatulia. Baada ya nusu saa hivi lilianza kwenda lenyewe kuelekea walipokaa watoto wakingoja unga. Baba aliruka ndani akalisimamisha. Mimi niliyekuwa karibu zaidi sikufanya lolote ila kupiga kelele.

Nilitaka kujua: kwa nini lilishika kwanza, kisha likaachia?

Ndani ya dramu mna viatu viwili vya breki. Waya ukivutwa, viatu hutanuka na kugusa dramu. Na gari likitaka kuviringika, dramu yenyewe hukokota kiatu kimoja na kukigandamiza zaidi. Kwa hiyo mvuto mdogo watosha. Diski haina msaada huo. Pedi mbili hulibana bamba la chuma, na nguvu yote hapana budi itoke kwenye waya. Tena tulipokuwa tukishuka mlima diski zilipata moto zikapanuka. Zilipopoa zilisinyaa, na kule kubana kwetu kudogo kukalegea.

Lakini kwa nini kulikuwa kudogo? Tuliweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, tukainua nyuma kwa jeki na kuiegemeza juu ya stendi, nikaingia chini. Kila breki ya nyuma ina kikono kinachovutwa na waya; kikono huzungusha skrubu iliyo ndani, nayo husukuma pistoni. Breki ikiachiliwa, kikono hupaswa kurudi mpaka mwisho wake. Vyetu vilikuwa vimesimama njiani! Fundi alipoona pedali yazama sana alikaza waya, na hapo ndipo alipokosea, kwani kikono kisiporudi chote skrubu haijirekebishi, na pedi hubaki mbali na diski.

Tukafungua waya kabisa. Nilivuta kila kikono kwa mkono na kukiacha kirudi chote, mara nyingi hata vidole vikauma, mpaka pedi zikawa zagusa diski kidogo tu. Ndipo tukarudisha waya na kuukaza kiasi cha kuondoa ulegevu, vikono vikiwa bado mwisho wake. Breki ikiachiliwa, magurudumu yalizunguka kwa mkono. Ikikanyagwa, hayakuzunguka hata tukisukuma wawili.

Jioni baba aliendesha mpaka diski zikapata moto, akaegesha kwenye mtelemko usio na watu, jiwe likiwa hatua moja mbele ya tairi. Tulikaa saa nzima tukilitazama. Halikusogea.

Sasa baba huitia breki hiyo kila anapoegesha, hata mahali tambarare, maana katika breki za aina hii kuitumia ndiko kunakoirekebisha. Kule mashineni bado naweka jiwe.