Fahamu: Duka la Kahororo linavyouza mtandaoni bila tovuti

Kampuni ya mauzo ya mtandaoni ya Jumia ilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, ilikuwa rahisi kuhitimisha kwamba wafanyabiashara wetu wadogo bado hawajawa tayari kwa biashara ya mtandaoni. Sikubaliani. Muuza senene au vitenge wa Kahororo, Manispaa ya Bukoba, hahitaji tovuti: picha anaiweka WhatsApp, bei inajadiliwa hapohapo, malipo yanaingia kwa simu, njia iliyozoeleka tangu M-Pesa ianze nchini mwaka 2008, na mzigo unapanda basi la Dar es Salaam au meli ya Mwanza. Tatizo lake ni gharama na uaminifu. Tozo za miamala zilipoanza Julai 2021, malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba serikali ilizipunguza ndani ya miezi miwili. Hiyo ni dalili tosha ya jinsi faida ndogo inavyotikiswa na makato.

Wapo watakaosema biashara ya namna hii inawaachia matapeli mlango wazi, na hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa mnunuzi wa mbali mara nyingi hulipa kabla ya kuona mzigo. Lakini dawa si kumlazimisha mwenye duka ajenge tovuti. Anachohitaji ni malipo yanayoshikiliwa hadi mzigo ufike, pamoja na anwani za makazi, zilizosajiliwa kwa operesheni ya mwaka 2022, zinazotumika kweli kufikisha mizigo. Halmashauri na kampuni za simu zianzie hapo.